Fagio kavu la saa moja asubuhi

Saa moja kasoro, katika shule nyingi za msingi huku kwetu, zamu ya usafi huanza. Madawati husukumwa ukutani, watoto hushika fagio za chelewa, na darasa hugeuka wingu. Mwalimu wa zamu anaona nidhamu. Mimi kazi yangu ni kupima metali nzito kwenye vumbi, kwa hiyo huanza kuwaza lile wingu litatua wapi.

Vumbi la darasani si mchanga mtupu. Lina rangi iliyobambuka, masizi ya magari, na unga wa tairi na breki ulioingia na viatu. Humo tunakuta zinki, shaba, kromi, kadimi na risasi (metali iitwayo lead kwa Kiingereza, si ya bunduki). Zinki huwa nyingi kwa sababu ya mabati na tairi, wala hainitishi sana. Risasi ndiyo inayonitisha. Petroli yenye risasi iliondoka kusini mwa Sahara mwaka 2006, lakini risasi haiozi. Iliyotua kando ya barabara bado ipo. Na zile rangi za zamani za mafuta, hasa njano na nyekundu kali, nyingine zilikuwa nayo tele.

Wengi hudhani hatari iko puani. Kwa hesabu zetu, njia kubwa ni mdomo. Vumbi linatua kwenye dawati, mkono unalizoa, kisha mkono huohuo unashika andazi la saa nne. Tunakadiria mtoto wa chekechea wa kilo 15 anameza miligramu 200 za udongo na vumbi kwa siku. Mtu mzima wa kilo 70, miligramu 100. Gawanya kwa uzito uone: mtoto anabeba zaidi ya mara tisa. Tena utumbo wake hufyonza hadi nusu ya risasi aliyomeza, wa mtu mzima takriban sehemu moja ya kumi. Aliyekuja bila chai hufyonza zaidi.

Wala mtoto aliyefyonza risasi haumwi homa. Anakuwa tu mzito kushika somo, hatulii, anaitwa mtukutu. Shirika la Afya Duniani halitambui kiwango chochote cha risasi kilicho salama mwilini.

Pale Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda kilichoyeyusha betri chakavu kiliwaachia wakazi risasi kwenye udongo na damuni. Mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Darasa la kawaida halifiki huko. Ila mtoto hulikalia miaka saba au minane.

Walimu wakuu huniambia maji yanatoka mbali. Nusu ndoo inatosha: nyunyiza kabla ya kufagia, au piga deki, na madawati yafutwe kwa kitambaa kibichi. Mikono ioshwe kabla ya uji. Ukuta unaobambuka usipigwe msasa mkavu, na kazi hiyo isubiri likizo. Na tafadhali, zamu ya fagio isiwe ya darasa la kwanza.