Mafuta hayapoozi dayodi, bati la tangi ndilo linalopooza

Nimeulizwa tena kwa nini dayodi zinakufa zikiwa ndani ya mafuta, na safari hii nitajibu kwa urefu ili nikiulizwa kesho nitume ukurasa huu. Rektifaya ya ampea 200 (kifaa kinachogeuza umeme wa AC kuwa DC kwa dayodi, vipande vinavyopitisha mkondo upande mmoja tu) imetumbukizwa kwenye ndoo ya plastiki ya lita 20 ya mafuta ya transfoma. Haina feni, haina redieta. Dayodi zimekufa, na mwenye nayo hataki kuamini, kwa sababu "ziko ndani ya mafuta, na huku kwetu Nyanda za Juu ni baridi".

Jamani, mafuta hayali joto. Mafuta ni mpagazi: yanalitoa joto kwenye dayodi na kulifikisha kwenye ukuta wa tangi. Ukuta ukishindwa kulitupa hewani, mzigo unarudi palepale ulikotoka.

Tupige hesabu. Dayodi ya silikoni inakula karibu volti 1 mkondo unapopita. Kwenye daraja la dayodi nne, mbili zinafanya kazi kwa wakati mmoja, kwa hiyo ampea 200 zinazaa wati 400 za joto. Ndoo ya lita 20 ina kipenyo cha sentimita 30 hivi na kimo kama hicho, na eneo lake linalotoa joto ni kama mita ya mraba 0.3. Ukuta uliosimama kwenye hewa tulivu hutoa takriban wati 9 kwa kila mita ya mraba kwa kila nyuzi moja ya tofauti kati yake na hewa. Ndoo nzima basi inatoa wati 2.7 kwa kila nyuzi. Ili itoe 400 inabidi iwe na nyuzi 148 zaidi ya hewa iliyoizunguka! Kabla ya kufika huko plastiki imeshalegea, na mafuta yanaikaribia nyuzi 135, ambayo ndiyo joto la chini kabisa linaloruhusiwa na viwango kwa mvuke wa mafuta mapya ya transfoma kushika moto.

Hiyo 9 vitabu huiandika kana kwamba imechongwa kwenye jiwe. Kwenye karakana halisi inacheza: tangi lililobanwa ukutani linaweza kushuka hadi 7, lililo karibu na mlango wenye upepo likapanda hadi 11. Ndiyo maana siku zote naongeza theluthi ya eneo juu ya hesabu, na sioni sababu ya kumwamini anayesema ana namba kamili.

Kinachowadanganya watu ni muda. Lita 20 za mafuta zinahitaji kama kilojuli 33 kupanda nyuzi moja, kwa hiyo zinapanda polepole. Asubuhi ya Mbeya yenye nyuzi 18, baada ya nusu saa ya mzigo kamili ndoo iko kwenye 38. Unaigusa, unasema safi kabisa. Baada ya saa moja iko 56. Baada ya saa tatu imepita 100. Fundi amejaribu kwa nusu saa, akakabidhi kazi, akalipwa.

Na ndoo nyingine kweli zinadumu miaka, hilo silikatai. Fundi wa kuchomelea mageti pale Mwanjelwa, Mbeya, anachoma kidogo, anapima, anasogeza chuma, anachoma tena. Akichoma dakika 4 katika kila 10, wastani wa joto ni wati 160, na ndoo inatulia kwenye nyuzi 60 hivi juu ya hewa. Sasa chukua ndoo hiyohiyo uiweke kwenye chaja ya betri inayokesha. Utaona.

Sasa baridi na mwinuko, maana hapa nasikia makosa mawili yanayopingana. Wa kwanza anasema baridi inatosha. Ukilinganisha na Dar es Salaam, baridi yetu inakupunguzia nyuzi 10 hivi, basi. Kwenye hesabu ya nyuzi 148 hazikuokoi. Wa pili amesoma kwamba mwinuko unaharibu upoozaji, naye anaogopa kupita kiasi. Mbeya mjini tuko kama mita 1,700, hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 18 kuliko pwani ikiwa joto ni lilelile. Lakini karibu nusu ya joto la tangi hutoka kwa mnururisho, yaani joto linaloruka lenyewe kama la jua bila kubebwa na hewa, kwa hiyo haujali uzito wa hewa. Kanuni ya IEC, shirika la kimataifa la viwango vya umeme, kwa transfoma za mafuta ni kupunguza nyuzi 1 ya ongezeko la joto linaloruhusiwa kwa kila mita 400 juu ya mita 1,000, na kwa zenye feni nyuzi 1 kwa kila mita 250. Kwa Mbeya, tangi lisilo na feni linapoteza nyuzi 2 tu. Anayeumizwa na mwinuko ni mwenye feni. Tangi tulivu la mafuta linafaa huku kwetu kuliko pwani, mradi lina eneo.

Kwa wati 400 jenga tangi la bati la milimita 2, sentimita 40 kwa 30, kimo 45. Kuta zake zinakupa mita 0.63. Chomelea ubavuni mabomba 10 ya inchi moja na nusu, kila moja sentimita 45, yanayotoka juu na kurudi chini. Unaongeza 0.68. Yaache yapishane kwa nafasi ya kidole au viwili, yasiangaliane kwa kubanana. Dayodi zikae chini, kwenye theluthi ya chini ya tangi, kwa sababu kinachoyasukuma mafuta ni tofauti ya kimo kati ya sehemu ya moto na sehemu ya kupoa. Ukiziweka juu, mafuta ya chini yatalala baridi na ya juu yatachemka.

Na tafadhali, dayodi bado zinahitaji hitsinki, yaani vipande vya alumini vyenye mapezi ya kutawanya joto, humo ndani. Mafuta yanayotembea yenyewe hubeba kama wati 60 kwa mita ya mraba kwa nyuzi. Dayodi ya wati 100, ukitaka tofauti isizidi nyuzi 20, inataka sentimita za mraba 830 za alumini, mapezi yakiwa yamesimama wima.

Kosa ninaloliona kuliko yote ni kina cha mafuta. Mdomo wa juu wa bomba lazima uwe umezama, mafuta yakiwa baridi. Yakishuka chini ya mdomo huo hata kwa sentimita moja, mzunguko unakatika, mabomba yote 10 yanakuwa mapambo. Ukiyagusa yana ubaridi huku mfuniko unaunguza. Juu acha nafasi ya asilimia 6, maana mafuta yanapanuka.

Redieta ya gari usiweke. Njia zake ni nyembamba, zilitengenezwa kwa pampu.

Rangi: bati linalong'aa na rangi ya fedha hutoa mnururisho hafifu. Rangi ya kawaida, nyeupe kwa nyeusi, zinatoa karibu sawa. Tangi likikaa juani paka nyeupe.

Mafuta ya injini ni mazito mara kumi hivi kuliko ya transfoma kwenye nyuzi 40, hayatembei. Yaliyotumika, zaidi ya hapo, yana masizi na chembe za chuma. Ya alizeti yanaganda kuwa gundi kwenye mapezi. Ya transfoma ya zamani msiyaguse: yanaweza kuwa na PCB, sumu ambayo Mkataba wa Stockholm wa 2001 ulitaka iondolewe kwenye vifaa ifikapo 2025.

Gasketi iwe ya nitraili, mpira unaostahimili mafuta; mpira wa kawaida unavimba. Waya wenye nyuzinyuzi unanyonya mafuta hadi nje ya tangi, kwa hiyo pitisha mkondo kwa boliti ya shaba. Rungwe na Tukuyu, kwenye mvua nyingi, weka silika jeli, punje zinazonyonya unyevu, kwenye tundu la kupumulia.

Kisha washa mzigo kamili kwa saa sita, kipimajoto kikiwa sentimita mbili chini ya uso wa mafuta. Soma kila nusu saa. Kikiacha kupanda chini ya nyuzi 75, kabidhi.