Msimamizi Mzuri Husema Mapema

Kwenye mafunzo ya wasimamizi huwa naanza na swali moja: mtu wako anajua unataka nini kwake? Wengi hujibu haraka, "Anajua, si ameajiriwa?" Nikiuliza ni lini mara ya mwisho alimweleza, au alimwonyesha kwa mikono yake, ukumbi hunyamaza.

Siwalaumu sana. Wengi walipewa usimamizi kwa sababu walikuwa mafundi hodari. Jana alikuwa fundi cherehani, leo ni supavaiza wa mstari mzima, na hakuna aliyemfundisha kuongoza watu.

Chukua jiko la hoteli. Mpishi msaidizi wa zamu ya saa kumi na mbili asubuhi anaanza kuchelewa. Msimamizi mmoja hununa, huhesabu kimoyomoyo, na mara ya tano humfokea mbele ya wenzake; kesho yake ni barua ya kujieleza. Mwingine humvuta pembeni siku ya pili: "Kulikoni, dada? Jana umeingia na nusu." Huenda daladala ya kwanza kutoka kwake ndiyo inayochelewa kuondoka. Basi tatizo ni ratiba, anahamishiwa zamu ya mchana na yameisha. Akiendelea kuchelewa hata huko, onyo litaandikwa na halitamshangaza.

Sheria nayo inafuata mkondo huohuo. Kanuni za utendaji bora za mwaka 2007, zile maofisa utumishi wa Tanzania wanazoziita GN 42 (yaani Tangazo la Serikali namba 42), zinataka mambo kadhaa yapimwe kabla mtu hajaachishwa kazi kwa utendaji mbovu: je, alikijua kiwango kinachotakiwa? Kiwango chenyewe kinafikika? Kwa nini hakukifikia? Alipewa nafasi ya kutosha kujirekebisha? Shauri likifika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ni mwajiri anayetakiwa kuthibitisha kwamba uachishaji ulikuwa wa haki. Na mwajiri atathibitisha kwa kitu gani, kama daftari la msimamizi ni tupu?

Wapo wanaoamini kazi haiendi bila kufoka. Kwa kufoka itaenda kweli, mpaka siku mashine inatoa mlio usio wa kawaida na opereta anaona heri akae kimya kuliko kutukanwa. Kwangu mimi, kipimo cha msimamizi ni hicho: habari mbaya humfikia baada ya dakika ngapi?

Anayepanga zamu ajue pia mipaka yake. Saa za kawaida hazizidi 9 kwa siku wala 45 kwa wiki. Ovataimu haizidi saa 50 katika wiki nne, na hulipwa angalau mara moja na nusu ya mshahara wa saa. "Nisaidie kidogo, tutaelewana" si malipo.

Mambo yakifika kwenye kikao cha nidhamu, mfanyakazi aelezwe tuhuma kwa lugha anayoielewa, apewe si chini ya saa 48 kujiandaa, na aruhusiwe kuja na mwenzake au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi. Msimamizi aliyezungumza naye tangu siku ya pili atakuwa na mengi ya kueleza humo ndani. Yule aliyesubiri mara ya tano ataingia na barua moja tu, yenye tarehe ya juzi.