Nusukaputi na Karamu za Mwisho wa Mwaka: Maswali na Majibu

Nusukaputi na ganzi vinatofautianaje?
Ganzi huzima maumivu sehemu moja, nawe uko macho. Nusukaputi hukulaza kabisa.

Sikukuu inahusikaje?
Wengi hupanga upasuaji kipindi cha likizo, ndugu wa kuwauguza wakiwa nyumbani. Ila na karamu ziko hukohuko nyumbani. Usiku mtu yuko mezani, asubuhi yuko kwetu, chumba cha upasuaji.

Nikila kidogo tu asubuhi ya upasuaji?
Hapana. Ukishalazwa kwa dawa, koo halijilindi: hukohoi, humezi. Kilichomo tumboni kinaweza kupanda na kuingia mapafuni, na ile asidi huyaunguza. Daktari Curtis Mendelson alilieleza jambo hili mwaka 1946, kwa akina mama waliopewa dawa ya usingizi wakati wa kujifungua.

Hata kipande cha keki?
Hata hicho. Keki ni chakula. Chai ya maziwa nayo tunaihesabu chakula, ingawa kila Desemba kuna anayebisha.

Nikae na njaa muda gani?
Kwa kawaida, muda wa saa 6 baada ya mlo mwepesi, 8 au zaidi baada ya nyama na mafuta. Maji matupu yanaruhusiwa mpaka zibaki saa mbili kabla ya nusukaputi. Mtoto anayenyonya, muda wa saa 4 tangu anyonye. Ukipewa maelekezo tofauti na mtaalamu wako wa usingizi, fuata yake.

Nikikiri nimekula, si mtaniahirishia?
Pengine, ndiyo. Na tutanuna kidogo. Lakini tarehe nyingine hupatikana. Kinachotutisha ni yule anayeapa hajagusa kitu, halafu akishalala tunaanza kufyonza vipande vya nyama kooni mwake. Ndugu zangu, semeni! Na wewe shangazi uliyemlisha mtoto kwa siri kwa sababu alikuwa analia, sema pia.

Na pombe ya jana?
Taja kiasi na saa. Pombe na dawa za usingizi zote hulegeza upumuaji. Mnywaji wa kila siku aseme mapema, maana hata kipimo cha dawa kinaweza kubadilika. Baada ya nusukaputi, usinywe pombe wala kuendesha gari kwa saa 24.

Ikiwa ni dharura na nimeshiba?
Njoo hivyohivyo, sasa hivi. Usikae nyumbani ukisubiri tumbo litulie au sikukuu ipite. Tuna namna ya kuilinda njia ya hewa ya mtu aliyeshiba, mradi tujue ameshiba. Ukifika, tuambie umekula nini na saa ngapi, hata kama hujaulizwa.