Mafua ya ndege kwa kuku: weka kisu chini kwanza

Mimi ni mtoa huduma za mifugo. Ninapoitwa kwenye banda lenye mizoga, huwa nimechelewa, si kwa sababu ya umbali bali kwa sababu mwenye kuku alianza na kisu, kisha duka la dawa, kisha mnunuzi, na simu yangu ikaja ya mwisho. Haya ndiyo maswali ninayoulizwa nikifika.

Mafua ya ndege ni nini?

Ni ugonjwa wa kuambukiza unaoletwa na virusi vya influenza aina A. Juu ya virusi hivyo kuna protini mbili, H na N, na namba zake ndizo zinazotupa majina kama H5N1, H7N9 au H9N2. Aina zinazoteketeza mabanda hutoka kwenye makundi ya H5 na H7.

Kuku wangu hawatoki nje. Virusi vimeingia vipi?

Kwa heshima zote, mara nyingi umeviingiza wewe. Ndege wa majini wa porini, kama bata, bukini na shakwe, hubeba virusi hivi matumboni, wengi wao bila kuugua, na kuvimwaga kwenye kinyesi. Kinyesi kinaangukia kwenye bwawa, kwenye majani, njiani. Wewe unakanyaga, unaingia bandani na viatu vilevile. Au unateka maji ya bwawa na kuwanywesha kuku. Au unaazima trei za mayai na matenga kutoka kwa jirani ambaye kuku wake "wanasumbuliwa kidogo".

Njia nyingine ninayoikuta mara kwa mara ni kuku waliopelekwa soko la ndege hai, wakakosa mnunuzi, wakarudishwa kulala na wenzao. Hapo umewakusanyia magonjwa ya soko zima ukayaleta nyumbani.

Vikishaingia, kuku mmoja anatosha. Anatoa virusi kwenye makamasi, mate, machozi na kinyesi. Wenzake wanakunywa chombo kimoja naye, wanaparua maranda yaleyale, wanavuta vumbi lake na kudonoa mzoga wake. Kwenye kinyesi chenye unyevu na ubaridi virusi vinaweza kuishi kwa wiki kadhaa. Jua kali, ukavu na sabuni huviua upesi, maana vimevikwa utando wa mafuta ambao sabuni huuyeyusha. Ila dawa ya kuua vijidudu ukiimwaga juu ya kinyesi unaipoteza bure: safisha uchafu kwanza, ndipo umwage dawa.

Ndani ya mwili wa kuku vinafanya nini?

Vinaingilia puani, mdomoni au machoni. Protini ya H inajibandika kwenye sukari fulani iliyo juu ya chembe hai za njia ya hewa na utumbo, virusi vinaingia ndani, na chembe hiyo inalazimishwa kutengeneza virusi vipya. Protini ya N hukata sukari hiyo ili virusi vipya vijinasue na kwenda kushambulia chembe nyingine.

Lakini H haifanyi kazi mpaka ikatwe mahali fulani na kimeng'enya (protini inayofanya kazi kama mkasi) cha mwili wa kuku mwenyewe. Hapo ndipo aina hafifu na aina kali zinapoachana. Ile hafifu hukatwa na vimeng'enya vinavyopatikana hasa kwenye njia ya hewa na utumbo, kwa hiyo ugonjwa unabaki huko: kuku anakohoa kidogo, mayai yanapungua. Ile kali hukatwa na kimeng'enya kilichoko karibu kila kiungo. Virusi vinapanda ubongo, moyo, figo na mishipa ya damu. Ndiyo maana unaweza kufunga banda jioni kuku wakila, ukafungua asubuhi ukawakuta chini.

Na aina hafifu ya H5 au H7 ikiachwa izunguke bandani inaweza kugeuka kali. Huko Pennsylvania, Marekani, mwaka 1983, H5N2 ilianza kama ugonjwa mdogo mwezi Aprili. Kufikia Oktoba ilikuwa inaua. Ndege wapatao milioni 17 walifutwa kabla haijazimwa. Kwa hiyo "wanakohoa kidogo tu" si habari ya kukaa nayo kimya.

Dalili zake ni zipi?

Vifo vya ghafla vya kuku wengi. Upanga wa kichwani kugeuka rangi ya zambarau, kichwa na macho kuvimba, madoa ya damu kwenye ngozi ya miguu, kuharisha, kukoroma, shingo kupinda. Mayai yanapungua ghafla au yanatoka na ganda laini. Wengine wanakufa kabla hawajaonyesha lolote. Aina kali inaweza kumaliza karibu banda zima, mara nyingi ndani ya siku chache.

Mbona hicho ni kideri tu?

Huenda ni kideri, ugonjwa mwingine unaoua kuku kwa wingi. Huenda sicho. Kwa macho hakuna anayeweza kuvitofautisha, hata mimi. Maabara ndiyo inayosema. Na chanjo ya kideri haikingi mafua ya ndege.

Nimewapa antibiotiki siku tatu.

Antibiotiki haiui virusi. Umepoteza siku tatu.

Kuku ameanza kuzubaa. Si bora nimuwahi kwa kisu kabla hajafa?

Hapana.

Swali hili ndilo ninaloulizwa kuliko yote, na mara nyingi kisu kimeshapita. Kuku anayezubaa ndiye amejaa virusi. Unapomchinja damu inaruka. Unapomnyonyoa manyoya yanapeperusha vumbi usoni pako. Unapomtoa utumbo umeshika hasa mahali virusi vilipo. Pua, macho na mikono yako viko wazi, na mtoto ameshika miguu ya kuku akikusaidia.

Lakini nikimpika vizuri virusi vinakufa?

Vinakufa, ndiyo. Nyama ikiiva mpaka ndani, nyuzijoto 70 na zaidi, virusi haviponi. Ila hoja hiyo haikusaidii, kwa sababu hatari ilikuwa kabla ya sufuria. Tangu 2003 watu zaidi ya 900 wameripotiwa duniani kuugua H5N1, na karibu nusu yao walifariki. Wengi walikuwa wameshika ndege wagonjwa au waliokufa. Virusi hivi haviambukizi binadamu kwa urahisi. Kuchinja kuku mgonjwa ni kuvirahisishia kazi. Kwa hiyo jibu ni lilelile: hapana, hata kama utampika kwa muda wa saa nne.

Na matumbo usimtupie paka wala mbwa. Paka huugua H5N1 na kufa.

Basi niwauze wale ambao bado wazima?

Hapana, tena. Kuku anaweza kutoa virusi kabla hujaona dalili. Huyo "mzima" unayemuuza leo anapanda gari, anakaa tenga moja na kuku wa watu wengine, kesho anaua banda usilolijua. Mwaka 1997 virusi vya H5N1 viliingia Hong Kong vikapita kwenye masoko ya kuku. Watu 18 waliugua, 6 wakafa, na mji ukalazimika kuchinja kuku wake wote, zaidi ya milioni 1.

Nikiripoti si mtaua wote?

Ikithibitika, ndiyo, watauawa na kuzikwa au kuchomwa. Sitakudanganya. Lakini kama ni aina kali, wengi wao wanakufa hata usiporipoti, tofauti ni kwamba watakuwa wamewaambukiza wa jirani. Fidia, mahali ilipo, kwa kawaida hulipwa kwa kuku waliokutwa hai. Kila siku unayochelewa inapunguza hesabu hiyo.

Nifanye nini nikisubiri mtaalamu?

Piga simu vifo vikianza, siku hiyohiyo. Funga banda, asiingie mtu wala kutoka kitu: kuku, mayai, mbolea, trei. Mizoga usiishike mikono mitupu, na usiitupe mtoni wala jalalani. Tuachie michache tuchukue sampuli. Anayelisha awe mtu mmoja, na viatu vya bandani vibaki bandani.

Jana nilishachinja wawili.

Basi acha hapo, usichinje wa tatu. Nyama iliyobaki usiigawe. Nawa kwa sabuni, fua nguo, osha kisu, ubao na sakafu kwa sabuni kisha dawa. Jiangalie kwa siku 10, wewe na wote waliosaidia. Homa, kikohozi, koo kuuma, macho mekundu au pumzi kubana: nenda hospitali siku hiyohiyo ukiwa umefunika pua na mdomo, usijitibu malaria nyumbani. Dawa ya oseltamivir, inayopambana na virusi vya mafua, husaidia zaidi ikianzwa ndani ya saa 48 tangu dalili kuanza, na daktari hawezi kuifikiria kama hajui ulichoshika. Ukiingia tu, kabla ya kutaja homa, mwambie kwamba kuku wako wamekufa na wewe ulichinja.