Nani kawaambia kumpinga rais wa Marekani ni usaliti?

Nafundisha darasa la uraia kwa Waswahili wenzangu huku Marekani, na swali moja nimechoka nalo: "Mwalimu, nikionekana kwenye maandamano si watasema siipendi nchi?" Wengine hata hawaulizi, wanakwambia kabisa eti mzalendo hampingi rais.

Jamani, hicho kiapo cha uraia mnachoenda kuapa mmekisoma? Unaapa kuitetea Katiba na sheria za Marekani, rais hatajwi, chama hakitajwi. Na usaliti Katiba yenyewe imeshaueleza, ni kuipiga vita nchi au kuwasaidia maadui zake, basi, tena mpaka wapatikane mashahidi wawili wa tendo lile lile au ukiri mwenyewe mahakamani. Walioiandika walikuwa wametoka kumuasi mfalme wa Uingereza, kesi za uhaini walizijua vizuri, ndo maana wakabana hivyo.

Sisemi wakosoaji hawajafungwa huku, wamefungwa sana tu. Eugene Debs, mwanasiasa wa kisoshalisti, alihutubia kule Canton, Ohio mwaka 1918 akapinga Vita ya Kwanza ya Dunia, wakampa miaka 10, na 1920 akagombea urais akiwa humo humo jela akapata kura zaidi ya laki 9. Muhammad Ali nae mnampenda wote, ila 1967 alipokataa kwenda jeshini wakati wa vita vya Vietnam alivuliwa ubingwa akahukumiwa miaka 5, watu wakamwita msaliti mchana kweupe, Mahakama ya Juu ikaja kuifuta hiyo hukumu 1971, halafu 2005 Bush akamvisha nishani kubwa kabisa ya raia pale Ikulu. Bush yule yule wa vita vya Iraq! Sasa wewe unaniambia mzalendo ni yule aliyenyamaza?

Mengine haraka haraka. Eti kuchoma bendera ni jela: hapana, Mahakama ya Juu ilishaamua 1989, kura 5 kwa 4, na mimi binafsi siipendi hiyo tabia ila sheria ndo hiyo. Eti Colin Kaepernick, yule mchezaji wa mpira wa Kimarekani (NFL), alipiga goti wimbo wa taifa ukipigwa ili kuwatukana wanajeshi: alikuwa anapinga polisi kuua watu weusi, na wazo la kupiga goti badala ya kukaa lilitoka kwenye mazungumzo yake na Nate Boyer, mwanajeshi mstaafu. Eti mtoto lazima aape kwa bendera shuleni: shule ya serikali haiwezi kumlazimisha tangu 1943, Vita ya Pili ya Dunia ikiwa imepamba moto, ingawa Florida na Texas wanataka barua ya mzazi.

Ila kama bado una grini kadi (kibali cha kuishi huku, hujawa raia), hapo nakuwa mkali. Kusema sema, lakini usiingie kwenye fujo, polisi wakisema tawanyikeni ondoka, maana ukikamatwa ile fomu ya uraia inauliza kama umewahi kukamatwa na hata kama kesi ilifutwa unaandika. Muone wakili kwanza kabla hujaijaza, sio binamu yako wa WhatsApp.