Je, wajua kwa nini vielezi vya Kihispania vina umbo la kike ndani yake?

“El médico habló lentamente”, yaani daktari aliongea polepole. Daktari huyo ni mwanamume, lakini ndani ya “lentamente” kuna “lenta”, umbo la kike la kivumishi “lento”. Mbona haikuwa “lentomente”?

Jibu limo katika hiyo “-mente”. Leo ni kiambishi tu, lakini katika Kilatini ilikuwa nomino inayojitegemea: “mens”, akili au nia, yenye jinsia ya kike. “Mente” ni umbo lake la kueleza namna, pale ambapo sisi hutumia “kwa”. “Clara mente” ilikuwa “kwa akili safi”, kivumishi kikifuata jinsia ya nomino kama chetu kinavyofuata ngeli. Baadaye maneno hayo mawili yaligandana na maana ya akili ikafifia, hata mvua nayo, isiyo na nia yoyote, ikawa inanyesha “intensamente”.

Ukilijua hilo, kanuni nyingi hazihitaji kukaririwa. Kivumishi kinachoishia na -o hugeuzwa -a kwanza: “rápido”, “rápida”, “rápidamente”. Kinachoishia na -e, na vingi vinavyoishia na konsonanti, havibadiliki kwa jinsia, hivyo unaongeza “-mente” moja kwa moja: “amablemente”, “fácilmente”. Alama ya mkazo hubaki pale ilipokuwa kwenye kivumishi, na kama haikuwepo usiiongeze: “felizmente” haina. Katika kutamka, tia mkazo mara mbili, “RÁ-pi-da-MEN-te”, maana bado ni kama maneno mawili. Hata vielezi viwili vikifuatana, cha mwisho peke yake ndicho hubeba mkia: “habló clara y lentamente”. “Clara” inabaki ya kike ingawa hakuna mwanamke katika sentensi.

Si kila kielezi kinaundwa hivyo. Sisi tuna -zuri na vizuri, mzizi mmoja. Wao wana “bueno” na “bien”. Kwa hiyo “canta bueno” kwa maana ya “anaimba vizuri” ni kosa. Sema “canta bien”. “Buenamente” lipo, ila maana yake ni “kadiri mtu awezavyo”. Na usilazimishe “-mente” kila mahali. “Kwa uangalifu” ni “con cuidado”, muundo uleule wa kwetu, na ndivyo watu wanavyoongea.

Kinachowasumbua zaidi Waswahili ni neno letu “sana”. Kihispania kimeligawa mara mbili. Mbele ya kivumishi au kielezi ni “muy”: “muy alto”, mrefu sana, “muy bien”, vizuri sana. Baada ya kitenzi ni “mucho”: “trabaja mucho”, anafanya kazi sana. Kosa la kwanza ni la mpangilio: “sana” hukaa nyuma, kwa hiyo mwanafunzi husema “alto muy”. La pili hutokea katika majibu mafupi. Ukiulizwa “¿Estás cansado?”, umechoka?, usijibu “Sí, muy”, kwa sababu “muy” haiwezi kusimama bila neno la kuegemea. Jibu ni “Sí, mucho”. Vilevile mbele ya “mejor”, bora zaidi: ni “mucho mejor”, kamwe si “muy mejor”.