Mhitimu mashuhuri wa shule ni nani hasa?

Mhitimu mashuhuri ni mtu aliyesoma katika shule fulani, kisha akafanya jambo linalojulikana na kuandikwa na watu wasiohusika na shule hiyo. Mambo hayo ni mawili, na kila moja lina ushahidi wake. Orodha nyingi za shule za sekondari za serikali hukagua umashuhuri kwa makini, lakini suala la kusoma pale huachiwa maneno ya wazee wa shule. Hapo ndipo makosa mengi huingia.

Kwanza, kuhitimu ni kumaliza. Albert Einstein alisoma Luitpold-Gymnasium ya Munich kuanzia 1888, akaiacha mwishoni mwa 1894 bila kumaliza, na mwaka 1896 akahitimu katika shule ya serikali ya jimbo huko Aarau, Uswisi. Aarau wana haki ya kumwita mhitimu wao. Munich wana haki ya kusema alisoma kwao, basi. Bobby Fischer, bingwa wa dunia wa sataranji, naye aliacha Erasmus Hall ya Brooklyn akiwa na miaka 16. Hakuna ubaya kuwaweka watu kama hao kwenye orodha, ili mradi iandikwe “alisoma” na miaka yake, isiandikwe “alihitimu”.

Ushahidi wa kusoma unapatikana kwenye daftari la uandikishaji, matokeo ya mtihani wa mwisho, picha za darasa zenye majina na majarida ya shule ya miaka ile. Wasifu wa mtandaoni haufiki hapo. Mara nyingi mwandishi wa wasifu amelitoa jina la shule kwenye tovuti ya shule, na shule nayo imelitoa kwenye wasifu mwingine, hivyo vyanzo vitatu vinavyokubaliana vinaweza kuwa kimoja tu kilichonakiliwa. Majina nayo hupotosha. Wanawake wengi waliandikishwa kwa jina la baba na wakajulikana kwa jina la ndoa, kwa hiyo ukitafuta jina moja tu utawakosa. Shule pia hubadili majina: Julius Nyerere aliingia mwaka 1937 katika shule ya serikali ya Tabora, ambayo leo huitwa Tabora Wavulana.

Umashuhuri wenyewe hauhitaji maneno mengi: tuzo inayotambulika, wadhifa wa kuchaguliwa wa ngazi ya taifa, rekodi ya michezo, ugunduzi au kazi ya sanaa iliyojadiliwa na wengine. Cheo kikubwa kazini peke yake hakitoshi, na mchango mkubwa kwa mfuko wa shule hautoshi kabisa, ingawa kamati nyingi huona vigumu kumwambia hivyo mfadhili. Mashuhuri pia si lazima awe mwema. Aliyejulikana kwa ufisadi ni mashuhuri vilevile. Shule ikitaka wa kuigwa tu, orodha yake iitwe ya heshima.

Swali gumu zaidi ni orodha inasema nini kuhusu shule. Chukua Bronx High School of Science, shule ya umma ya New York iliyofunguliwa 1938. Kufikia 2023, wahitimu wake tisa walikuwa wamepata tuzo ya Nobel. Sheldon Glashow na Steven Weinberg walimaliza mwaka mmoja, 1950, wakagawana tuzo ya fizikia ya 1979. Msomaji husema hapo kuna walimu wa ajabu. Huenda wapo, lakini shule hiyo huchagua wanafunzi kwa mtihani wa kuingia, maana yake orodha inapima kwanza nani aliyepokelewa. Wachumi Abdulkadiroğlu, Angrist na Pathak walichapisha mwaka 2014 utafiti wa shule za aina hii za Boston na New York. Walilinganisha watoto waliopita alama ya kuingilia kwa tofauti ndogo na wale walioikosa kwa tofauti ndogo. Baadaye alama zao za mitihani hazikutofautiana sana. Utafiti huo hauwahusu walioongoza kwa mbali, wala haukupima tuzo za Nobel, lakini unatosha kumfanya mzazi asichague shule kwa kuangalia ubao wa majina.

Kuna na suala la muda. Claudia Goldin alimaliza Bronx Science mwaka 1963 na kupata Nobel ya uchumi 2023, miaka 60 baadaye. Sifa inayoonekana leo ni ya walimu waliostaafu zamani, na shule changa yenye ufundishaji mzuri haina wa kumwonyesha bado. Idadi ya majina bila idadi ya wote waliomaliza nayo haisemi kitu: majina 20 kati ya wahitimu 5,000 ni mengi, kati ya 80,000 ni machache.

Anayetunga orodha aandike kwa kila mtu jina la uandikishaji na la sasa, mwaka wa kuingia na wa kutoka, kama alimaliza, alichofanya kwa sentensi moja, na ushahidi wa kila dai. Namba za mtihani na alama za walio hai zibaki ofisini. Kama majina yatawekwa ukutani, kila jina liwe na kibao chake cha skrubu, maana jina lililopakwa rangi likionekana baadaye kuwa si la shule hiyo, hakuna anayethubutu kulifuta.